Ndege Yule na Ndege Ile: Mtoto Mdogo Kwenye Uwanja wa Ndege

Katika Kiswahili, kiumbe chenye manyoya na chombo chenye injini vina jina moja: ndege. Neno eropleni limo katika kamusi, na wazee wengine wangali wakilitumia, lakini umma umekwisha kukipa chombo jina la kiumbe. Kwa mtu mzima jambo hili halina taabu yoyote. Kwa mtoto wa miaka miwili aliyebebwa begani karibu na uzio wa uwanja wa ndege, kunguru ametua juu ya nguzo ya seng'enge na ndege ya abiria inashuka nyuma ya kunguru huyo, ni fumbo la kweli.

Aghalabu wazazi humpeleka mtoto kutazama ndege kwa ajili ya kumfurahisha tu, hasa siku za mapumziko. Furaha ipo, na haigharimu zaidi ya nauli ya daladala na chupa ya maji. Hata hivyo, mtu akichunguza yale yanayotendeka katika macho, masikio na ulimi wa mtoto katika saa hizo chache, ataona kuwa kuna mafunzo mengi ambayo mtoto hawezi kuyapata peke yake. Yahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye, na yahitaji utulivu wa kutosha ili maneno yasikike. Sharti hilo la pili ndilo gumu, kwa kuwa chombo kile kile kinachozua mazungumzo ndicho kinachoyakatiza.

Uwanja na upepo

Mfano mzuri ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ambao wakazi wa Kipawa, Karakata na Kiwalani wanaishi nao ubavuni. Njia yake kuu ya kurukia ina urefu wa meta 3,000. Mwisho wake mmoja umeandikwa 05 na wa pili 23. Hizi si namba za mpangilio. Ni nyuzi za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho: ndege inayoanza mbio upande wa 05 huelekea nyuzi 50 hivi, yaani kaskazini-mashariki, na inayoanza upande wa 23 huelekea nyuzi 230, kusini-magharibi.

Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo. Bawa huhitaji hewa ipite juu yake kwa kasi, na upepo wa mbele huchangia kasi hiyo bila gharama. Chombo kinachohitaji kwenda kilometa 250 kwa saa katika hewa, kikikabili upepo wa kilometa 30, kitakuwa kinakwenda kilometa 220 tu juu ya ardhi, na kitasimama katika masafa mafupi zaidi. Kaskazi, upepo uliowaleta manahodha wa majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, huvuma takriban Desemba hadi Machi na hupita karibu sambamba na njia hiyo ya Dar es Salaam. Kusi huikata njia kwa mshazari zaidi, hivyo mwongozaji wa ndege aliyeko mnarani hana budi kufuata kipimo cha upepo cha saa ile. Mzazi anayetaka kujua asimame upande gani na alitazame fuko la kitambaa linalopepea kando ya njia. Asipoliona, na amtazame kunguru: ndege mwenye manyoya naye hutua akiukabili upepo, na kwa sababu ile ile.

Kufanana kwao hakuishii hapo. Kunguru anapokaribia nguzo huinua kifua, hutanua mabawa na mkia, na kwa namna hiyo huendelea kubebwa na hewa ingawa mwendo wake umepungua. Ndege ya abiria nayo, dakika chache kabla ya kutua, husukuma nje vibamba vilivyofichwa mbele na nyuma ya mabawa, hata bawa likawa pana na lenye kupinda kuliko lilivyokuwa angani. Mtoto anayeita vitu hivi viwili kwa jina moja hajakosea sana. Amefuata waliomtangulia, ambao waliona jambo la kweli.

Kwa nini kubwa huonekana ya polepole

Mbele ya uzio huo hupita ndege za kila kimo. Zipo ndogo za pangaboi moja, kama Cessna Caravan, ziendazo Unguja na Mafia, zenye mabawa ya upana wa meta 16 hivi toka ncha hadi ncha. Zipo za pangaboi mbili aina ya Dash 8, ambazo watu wengi huziita Bombardier kwa jina la kiwanda chake, zenye urefu wa meta 33 hivi. Na zipo kubwa kama Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, yenye urefu wa meta 57 na mabawa ya meta 60.

Mtazamaji, awe mtoto au mzee, karibu daima huapa kwamba ile kubwa inatua polepole, kana kwamba imening'inizwa. Vipimo vyasema kinyume. Boeing hiyo hugusa ardhi ikiwa katika mwendo wa kilometa 260 kwa saa hivi, Dash 8 kilometa 220, na Caravan kiasi cha 140. Jicho, hata hivyo, halina kipimo cha kilometa. Kinachoelekea kuliongoza ni muda ambao kitu hutumia kuupita urefu wake chenyewe. Boeing hutumia karibu nne ya tano ya sekunde kusogea urefu wa mwili wake mmoja. Dash 8 hutumia nusu sekunde. Caravan theluthi moja. Kunguru mwenye urefu wa sentimeta 40, akiruka kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa, huupita urefu wake katika sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Hivyo kunguru, ambaye ndiye mvivu kuliko wote, huonekana mwepesi, na Boeing iliyo mara saba ya mwendo wake huonekana imezubaa.

Kwa mtoto udanganyifu huu ni neema. Mtoto wa umri huu humchukua muda kuona alikoonyeshwa. Akiambiwa "tazama kunguru", kunguru keshakwenda zake. Ndege kubwa humngojea. Ikiwa umbali wa kilometa 3, mabawa yake ya meta 60 huchukua pembe ya nyuzi 1 na kitu, zaidi ya mara mbili ya upana wa mwezi mpevu, na hubakia machoni kwa dakika nzima ikizidi kukua. Ni vitu vichache sana katika maisha ya mtoto vinavyokua mbele yake kwa utaratibu namna hiyo.

Kuna kitendo kingine ambacho watoto hukishangilia kuliko kupaa kwenyewe, nacho ni moshi wa magurudumu. Magurudumu yanapogusa lami huwa hayazunguki, ilhali lami inapita chini yake kwa kilometa zaidi ya 200 kwa saa. Kwa sehemu ya sekunde mpira husuguliwa hadi kuungua kabla gurudumu halijapata mwendo. Watu wazima wengi hawauoni moshi huo mpaka waonyeshwe na mtoto.

Sauti inayochelewa

Katika joto la nyuzi 30 la Dar es Salaam, sauti husafiri karibu meta 350 kwa sekunde, yaani kilometa moja kwa takriban sekunde 3. Mtu aliyesimama kilometa moja kutoka njia ya kurukia anasikia leo mngurumo ulioondoka kwenye injini sekunde 3 zilizopita, na katika sekunde hizo ndege inayopaa imekwisha kusogea meta 200 na ushei. Kwa ndege inayopita juu sana, kimo cha kilometa 10, sauti huchukua nusu dakika kufika chini. Kufikia hapo ndege yenyewe imesogea zaidi ya kilometa 7.

Ndiyo maana mtoto anapogeuza kichwa kuitafuta ndege ya juu kwa masikio hukuta anga tupu. Masikio yake hayakumdanganya. Yamemwonyesha kwa usahihi mahali ndege ilipokuwa. Mzazi asiyejua hili husema "haipo", na mtoto hukubali. Mzazi anayejua humgeuza mtoto mbele ya sauti, upande ambao ndege inaelekea, na hapo mtoto huona chombo kikienda kimyakimya huku kelele zake zikikifuata nyuma. Sheria yenyewe mtoto hawezi kuelezwa. Lakini anaweza kuzoea kwamba sauti na kitu havikai mahali pamoja, na mazoea hayo hutangulia maelezo kwa miaka mingi.

Kidole, jicho na neno

Jambo kubwa linalotendeka karibu na uzio, hata hivyo, si la hewa wala la sauti. Kwa kawaida mtoto huanza kunyoosha kidole kuonyesha kitu anapokaribia kutimiza mwaka mmoja. Katika miezi inayofuata hujifunza kukifuata kidole cha mwenziwe, na baadaye macho ya mwenziwe bila kidole. Kitendo hiki huonekana chepesi, nacho ni mzizi wa lugha. Neno hujifunzwa vizuri zaidi pale watu wawili wanapokitazama kitu kimoja, kila mmoja akijua kuwa mwenzake anakitazama, na jina likatajwa papo hapo. Mtu mzima akitaja jina la kitu ambacho mtoto hakitazami, jina hilo huweza kupotea au kubandikwa kitu kingine. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mtoto habari za Boeing wakati mtoto ameshughulika na sisimizi miguuni pake anapoteza pumzi. Yafaa azungumzie sisimizi kwanza. Boeing zitakuja nyingine.

Na hapa ndipo fumbo la neno ndege linapopata ufumbuzi wake, kwa njia ambayo lugha nyingi za dunia hazina. Jina ni moja, lakini sarufi imeweka mpaka. Mwenye manyoya hufuata upatanisho wa viumbe hai: ndege yule mkubwa ametua, ndege wawili wameruka. Chombo hufuata upatanisho wa vitu: ndege ile kubwa imetua, ndege mbili zimeruka. Tofauti yote imo katika silabi ndogo zilizotapakaa katika sentensi, wala haimo katika jina. Mtoto anayesikia neno moja tu, "Ndege!", hapewi msaada wowote. Anayesikia sentensi nzima, hata kama ni fupi, amepewa ufunguo.

Kwamba mtoto mwenyewe hazitamki silabi hizo si dalili kuwa hazisikii. Kamil Ud Deen, aliyechapisha mwaka 2005 kitabu kuhusu watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha kuwa watoto wadogo mara nyingi huacha viambishi vya mwanzo vya kitenzi, wakasema shina tupu au sehemu ya kitenzi. Basi kauli "ndege luka" kutoka kinywani mwa mtoto yaweza kuwa ni kunguru au ni Airbus. Mazungumzo yanayofaa huwa ya namna hii:

"Baba, ndege luka!"

"Eeh, ndege ile inaruka. Na yule kunguru je? Naye anaruka?"

"Kungulu luka."

"Anaruka, ndiyo. Haya, ile inakwenda wapi?"

Baba hakumsahihisha mtoto. Amemrudishia maneno yake yakiwa yamekamilika, kisha akaongeza kidogo. Haifai kusahau kwamba katika mazungumzo ya kila siku ya sehemu nyingi za bara mpaka huu haulindwi sana, na hata kunguru huambiwa "imeruka". Mtoto wa huko atautofautisha mkia wa manyoya na mkia wa bati kwa njia nyingine, naye hatapungukiwa akili. Ila amenyimwa msaada mmoja ambao lugha yake ilikuwa nao tayari.

Kwa kutofautisha ndege moja na nyingine, namba hazimfai bado. Picha humfaa. Twiga aliyechorwa mkiani mwa ndege za Air Tanzania hutambuliwa na mtoto ambaye hajui herufi hata moja. Mtu mzima, naye, aweza kujipatia burudani yake kwa kusoma namba za usajili zilizoandikwa ubavuni: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililofanya kazi tangu mwaka 1946 hadi lilipovunjika mwaka 1977, lilikuwa na ndege zilizosajiliwa katika nchi zote tatu, na mtazamaji wa siku hizo aliweza kuona alama hizo tatu chini ya rangi za shirika moja.

Kelele, na watoto wasiorudi nyumbani

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 3 nishati yake imekuwa maradufu, na muda ambao sikio laweza kuivumilia kwa usalama hupungua kwa nusu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani kuhusu vyombo vya kusikilizia muziki unawawekea watoto kiasi cha desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Watu wazima wamewekewa 80. Umbali nao husaidia: kila mtu anapojitenga mara mbili zaidi na chanzo cha sauti, hupungukiwa na desibeli 6 hivi mahali palipo wazi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Injini yenye kusikika kwa desibeli 120 kutoka meta 60 itasikika kwa 96 hivi kutoka karibu kilometa moja. Kwa kiwango cha watoto, desibeli 96 zinaruhusiwa kwa kiasi cha dakika 19 katika wiki nzima. Ikiwa mngurumo wa kila ndege hukaa sekunde 20, dakika hizo zatosha ndege 56. Hesabu hii yaonyesha mambo mawili. Mtoto anayekwenda kutazama ndege siku moja, akiwa mbali kiasi hicho, hayuko katika hatari ya kusikitisha. Na anayesogezwa meta 100 karibu na uzio nyuma ya injini inayowashwa amo katika hatari hiyo, hata kama hajalia. Kipimo chepesi ni sauti ya mzazi: akilazimika kupaza sauti ili asikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, mahali hapo si pa mtoto kukaa. Vifuniko vya masikio vinavyozunguka sikio lote husaidia. Pamba husaidia kidogo sana.

Lakini wapo watoto ambao hawaji kutazama ndege kisha wakarudi nyumbani, kwa sababu nyumbani ni hapo hapo. Kwao hasara haianzii sikioni. Mjini Munich, Ujerumani, uwanja wa zamani ulifungwa na mpya ukafunguliwa mahali pengine Mei 1992, na wanasayansi wakapata nafasi adimu ya kuwapima watoto wa pande zote mbili kabla na baada ya mabadiliko. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2002 na Hygge, Evans na Bullinger, yalikuwa wazi. Watoto walioanza kuishi na kelele za uwanja mpya walirudi nyuma katika kusoma na katika kumbukumbu ya muda mrefu. Wale wa uwanja wa zamani, anga lao liliponyamaza, walipata nafuu katika mambo hayo hayo. Mwaka 2005 uchunguzi mwingine wa watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 9 na 10, waliosoma karibu na viwanja vya London, Amsterdam na Madrid, ulikuta kuwa kadiri kelele za ndege zilivyozidi shuleni ndivyo uelewa wa kusoma ulivyopungua.

Sababu moja inayotajwa na wataalamu yaeleweka bila mitambo. Mwalimu hunyamaza ndege ipite, kisha hutafuta alipoishia. Bibi anayesimulia hukatizwa. Mtoto, baada ya muda, hujifunza kutosikiliza, na akishajifunza hivyo huacha kusikiliza pamoja na yale yanayomfaa. Silabi ndogo zinazotenganisha ndege yule na ndege ile ndizo za kwanza kumezwa na mngurumo. Tiba zake si siri: kutojenga shule mpya chini ya njia ya ndege, dari na kuta zinazozuia sauti kwa zile zilizopo, na kupanga saa za safari kwa kuwajali walio chini. Hakuna hata moja iliyo rahisi katika jiji lililokua hadi likauzunguka uwanja wake, lakini kuta za shule zingeweza kuanza.

Saa zinazofaa

Neno "siku nzima" lichukuliwe kwa tahadhari. Mtoto wa miaka miwili hulala mchana, na jua la saa sita halimhurumii. Asubuhi ndiyo saa yake: hewa baridi, ndege ndogo nyingi, na vipindi vya kimya kati ya moja na nyingine, ambavyo ndivyo vya kuzungumzia. Maji, kofia na kivuli ni lazima. Kuhusu kupiga picha, ni vema kumwuliza kwanza askari wa uwanja, kwa kuwa viwanja vya ndege ni mahali penye ulinzi.

Sehemu moja ya ziara hufanyika kesho yake nyumbani. Karibu na umri wa miaka miwili mtoto huanza kusimulia yaliyopita, mwanzoni kwa msaada mkubwa wa mtu mzima anayemwuliza, "Jana tuliona nini?" Uchunguzi wa wanasaikolojia umeonyesha kuwa watoto wanaoulizwa hivyo kwa maswali mapana, na kuongezewa maelezo juu ya majibu yao, huja kuwa wasimulizi bora wa mambo yao wenyewe. Mzazi asitegemee kusikia habari za Boeing. Yamkini jibu litakuwa trekta iliyokuwa ikivuta mizigo, au mbwa aliyelala karibu na lango, na hapo ndipo mazungumzo yaanzie.